Mguu Mzito Chini ya Mlima

Onnidai, Sardinia
4 Oktoba

Bonaria,

Barua yako imefika. Mimi mzima. Mguu ni uleule, mvua ikija unajua kabla yangu.

Umesema nikupigie simu. Sipigi. Kwenye simu nikikohoa tu unaanza kuniagiza dawa. Kwenye barua sikohoi. Andika.

Kazi ipo. Asubuhi nafungua lango la mgodi, nawasha pampu, natoa maji, naangalia magogo yanayoshikilia dari, nafunga. Zamani tulikuwa kundi zima humu, na baruti, na matusi. Sasa niko peke yangu na hayo masikio yenu ya kupima mtikisiko mliyoyafukia kwenye mwamba. Wale vijana wako waliniambia nikipita karibu nayo ninyate. Nanyata. Mtu mzima nanyata kama mwizi wa kuku.

Kitu kimoja sijaelewa. Unasema unafanya kazi na nyota iliyokufa, halafu inalipuka. Kilichokufa kinalipukaje? Mimi nimezika watu wengi, hakuna aliyelipuka. Nieleze kwa maneno ya watu.

Kiti cha mama yako kipo palepale dirishani. Nakipangusa.

Baba yako,
Bachis


Onnidai, 5 Oktoba
Kwa Paschedda, kijiji cha Sa Serra

Paschedda,

Barua hii Bobore kaitia kwenye mfuko wake wa mkate. Anapita kwako na kondoo kila siku, na bila miwani hasomi. Miwani anaiacha nyumbani siku zote.

Umesema hutaolewa na mwanamume asiyeweza kukuingiza kwenye duara la dansi mbele ya moto wa sikukuu ya Mtakatifu Antoni. Sawa. Ndiyo desturi, sibishani. Lakini mguu huu uliangukiwa na gogo. Haujacheza tangu marehemu mke wangu Annica yuko hai. Na kujifunza hapa kijijini siwezi. Mgane mwenye ndevu za msiba akionekana anarusha mguu, sahani hazijaoshwa habari imeshafika Hanova kwa binti yangu.

Na hofu yangu ni huko Hanova. Siku tunamzika mama yake, Bonaria aliniambia, "Baba, usije ukamkalisha mtu kwenye kiti cha mama." Aliniambia mara moja tu. Mimi sijasahau. Nina mtoto mmoja. Akiacha kuniandikia nimekwisha, hata ungenipikia nini.

Kwa hiyo tufanye hivi. Jumapili baada ya chakula njoo mgodini kwa njia ya mbuzi. Wale wa vyombo hawapo, ufunguo ninao. Kuna handaki la zamani, upande wa pili kabisa, mbali na masikio yao. Huko tutacheza. Mimi nimekua kwenye mwamba huo. Wenzangu walikuwa wakipiga baruti handaki la jirani, kwangu inafika kama mtu kafunga mlango. Mwamba unameza kila kitu.

Choma hii.

Bachis


Hanova, 20 Oktoba

Baba,

Hata salamu hukuniwekea, basi na mimi nakunyima. Utazipata ukijirekebisha.

Nyota. Sikiliza. Nyota ni jiko. Inachoma kuni zake miaka isiyo na idadi, halafu kuni zinaisha na kinachobaki ni kaa. Hilo kaa ni dogo, ukubwa wake kama dunia hii yetu, lakini uzito wake ni wa jua zima. Kijiko kimoja chake kingevunja lori lenu la mgodi. Haliwaki tena. Linapoa tu. Sisi tunaliita kibete cheupe. Likiwa peke yake, ndiyo basi, litapoa milele.

Lakini mengine yana mwenzake, kaa jingine. Yanazungukana. Kila mzunguko yanasogeleana kidogo, tena yanaongeza mwendo. Mwisho yanagusana, na lile kaa ambalo kila mtu alisema limekwisha linalipuka, mwanga wake unazidi wa nyota zote za jirani zikiwekwa pamoja. Ndivyo kilichokufa kinavyolipuka, Baba. Kikipata mwenzake.

Na wakati wote yanapozungukana yanatikisa anga lenyewe. Fikiria Mama alivyokuwa anakung'uta shuka uani: anatikisa huku, mkunjo unakimbia hadi ncha ya pili. Mkunjo wa nyota unakimbia mpaka kwetu. Unapita mlimani, unapita ndani yako, unapita ndani ya kondoo wa Bobore, hakuna anayehisi. Sisi tunataka kuhisi. Shida ni kwamba mikunjo ya makaa haya ni ya polepole, mwendo uleule wa bahari inavyopiga ufuko, na bahari nayo inatikisa ardhi mchana na usiku. Nyota inanong'ona, bahari inafoka. Kwa nyota zangu huenda siku moja itabidi masikio yapelekwe angani, hata mwezini. Lakini kwanza tunatafuta hapa chini mahali palipo kimya kuliko pote, na mlima wetu ni mmoja wa milima inayoshindana kupewa masikio makubwa.

Kitu ninachokipenda zaidi ni hiki. Kaa likilipuka mviringo kamili, pande zote sawasawa, halitoi mkunjo hata mmoja. Tutauona mwanga, lakini kutikisika hakuna. Ili tulisikie, lazima lilipuke vibaya, upande mmoja kuliko mwingine. Kazi yangu yote ni kupiga hesabu za huo upande.

Sasa jambo la kazi, na nakuomba unisaidie. Jumapili hizi mbili vyombo vya mlimani vimeandika mtikisiko mchana, baada ya chakula. Siku nyingine hakuna. Je, ni pampu? Dakta Hilke, mkuu wetu, ndiye anayeamua mlima ubaki au uondolewe mashindanoni, na yeye hapendi kitu asichokijua jina.

Kula vizuri.

Bonaria wako


Sa Serra, 22 Oktoba

Bachis,

Unahesabu hatua kwa sauti. Acha. Unacheza kama mtu anayejenga ukuta. Kidole changu kikubwa cha mguu kimekuwa rangi ya zabibu.

Lakini Jumapili iliyopita kuna mahali ulisahau kuhesabu. Ukacheza. Ukacheka, na kicheko kikaenda mpaka mwisho wa handaki kikarudi, nikadhani nimepata wawili.

Nitakuja tena. Ila nakwambia, mimi nimezika mume, nimelea watoto wa dada yangu, nimeoka mkate wa harusi za vijiji vitatu. Kuingia shimoni kwa njia ya mbuzi kwa umri huu ni kwa ajili yako tu, na si kwa muda mrefu. Mwambie mtoto.

Na barua sichomi. Sijapata nyingi.

Paschedda


Onnidai, 28 Oktoba

Bonaria,

Salamu. Chukua unazotaka.

Nyota nimeielewa. Kaa na kaa mwenzake. Nimeifikiria sana.

Pampu siyo. Jumapili naizima. Maji pia siyo. Itakuwa kondoo wa Bobore. Jumapili anawaleta juu ya mgodi, nyasi ni nzuri pale. Wanakanyagakanyaga. Kondoo ukiwaona ni wepesi lakini ni wengi.

Nakula.

Baba yako,
Bachis


Hanova, 9 Novemba

Baba,

Ahsante kwa habari ya kondoo. Dakta Hilke aliandikia kijiji mara moja, na najua Bobore ameshaambiwa ahamishie kundi lake ng'ambo ya bonde. Nimemwonea huruma, yale malisho ni ya babu yake.

Lakini Baba, kondoo wameondoka na mtikisiko upo. Jumapili iliyofuata ulikuja vilevile, tena umezidi. Dakta Hilke alinionyesha mstari kwenye kompyuta akasema, "Kondoo hawana mahadhi." Na kweli. Ni kishindo kimoja kizito, viwili vyepesi, kimya. Kimoja kizito, viwili vyepesi, kimya. Unaweza kudhani mlima una moyo, na moyo wenyewe una kasoro.

Hapa kila mtu ana hadithi yake. Mmoja anasema kuna maji yanajaa na kumwagika ndani ya ufa. Mwingine anasema mwamba unakatika pole pole. Hilke anaandika ripoti kabla ya Krismasi. Kama mtikisiko utakuwa bado hauna jina, ataandika kwamba mlima wa Onnidai una kelele ndani yake, vyombo vitang'olewa, na wewe utabaki na pampu tu. Mimi ndiye niliyewaleta huko, Baba. Nilisimama mbele yao wote nikasema mlima wetu ni mkimya na mkweli.

Angalia tena, tafadhali. Kila handaki. Hata yale ya zamani.

Bonaria


Onnidai, 14 Novemba
Kwa mkono, mlangoni kwa Bachis

Bachis,

Leo nimevaa miwani.

Na kwa kuwa nimeivaa, nimesoma karatasi ya kijiji inayosema kondoo wangu wanatikisa dunia. Halafu nikasoma na kilichokuwa kwenye mfuko wangu wa mkate. Vyote.

Mnafiki mkubwa we! Kondoo wangu wamezaliwa pale, mama zao wamezaliwa pale, hakuna hata mmoja aliyewahi kucheza dansi. Sasa wanakula miiba ng'ambo ya bonde, wananitazama kama mimi ndiye niliyewashitaki. Yule kondoo dume mwenye pembe moja hataki hata kunisogelea.

Simwambii mtu. Lakini nataka nyasi zangu kabla baridi haijakaza. La sivyo barua zako zipeleke mwenyewe, kwa huo mguu.

Na jambo la mwisho. Annica alikuwa binamu yangu. Angekuona unamsingizia kondoo ili ufiche mchumba, angecheka mpaka ashike ukuta. Unajua alivyokuwa akicheka.

Bobore


Onnidai, 16 Novemba

Paschedda,

Tumekamatwa. Bobore anajua. Mlima nao unajua, ila haujataja majina. Masikio yale yanasikia mpaka handaki la zamani. Mwamba unameza sauti, haumezi mguu. Maisha yangu yote mle ndani, hilo sikulijua.

Mtoto anaweza kupoteza mlima wake kwa ajili yangu. Na nikimwambia kwa nini, nampoteza mtoto. Jumapili usije.

Bachis


Sa Serra, 19 Novemba

Bachis,

Mwambie. Akikasirika nitangoja hasira iishe, kungoja najua. Usipomwambia, katafute kondoo wa kucheza naye.

Jumapili nilikaa nyumbani. Miguu ilinisumbua.

Paschedda


Onnidai, 2 Desemba

Bonaria,

Si kondoo. Si maji. Mwamba haukatiki.

Ni mimi. Nacheza.

Nacheza na Paschedda wa Sa Serra, yule mwenye tanuri la mkate. Mjane wa Juanne. Ulipokuwa mdogo alikupa mkate wenye umbo la ndege, ukakataa kuula ukalala nao. Nataka kumwoa. Nataka kuingia naye kwenye duara siku ya moto, na kwa mguu huu ilibidi nifanye mazoezi. Nikaona shimoni hakuna macho. Macho hakuna kweli.

Siku ya msiba ulisema neno kuhusu kiti. Nimelishika. Hakijakaliwa. Lakini nimechoka kuwa kaa, Bonaria. Nilikuwa napoa tu.

Kwa Bobore nimekwenda mwenyewe. Nimemwandikia mkuu wa kijiji kwamba kondoo hawana kosa. Mwambie huyo mama Hilke mlima haukukosea kitu. Mlima ulisema kweli, mwongo nilikuwa mimi. Akitaka kung'oa, aning'oe mimi kwenye kazi, vyombo aviache.

Ukikasirika, kasirika kwa barua. Usiache kuandika.

Baba yako,
Bachis


Hanova, 1 Desemba

Baba,

Leo nimefanya kioja ofisini. Nilikuwa nimeutandaza mstari wa mlima mezani, naukodolea macho tangu asubuhi, nikaanza kuugonga kwa vidole. Kimoja kizito, viwili vyepesi, kimya. Nikaugonga tena. Mara nikaona viatu vyangu vinakwenda chini ya meza.

Miguu ilijua kabla ya kichwa. Ni dansi letu! Siyo la Sa Serra, wale wanarukaruka kama wamekanyaga jivu la moto. Ni letu la Onnidai, lile Mama alinifundisha jikoni nimeshika aproni yake.

Na ule mguu mzito naujua. Utoto wangu wote nilikuwa silali mpaka niusikie unapanda ngazi, umetoka zamu ya jioni. Hakuna mashine duniani inayoweza kuniambia mguu huo ni maji.

Ulinisingizia kondoo, Baba. Kondoo!

Nilimwendea Hilke. Nikamwambia, "Mtikisiko una jina. Unaitwa Bachis." Mara akacheka. Hatujawahi kumsikia akicheka, watu wa chumba cha pili walikuja mbio kuangalia kuna nini. Alipopata pumzi akasema mlima unaoweza kusikia mzee mmoja anakosea hatua umefaulu mtihani wake. Kelele ikishapata jina, kasema, siyo kelele tena. Anaandika ripoti upya, na kondoo warudi kwao leo leo.

Sasa swali langu, la mtoto kwa baba. Kuna mguu wa pili. Mwepesi, haukosei, na wako ukichelewa unausubiri. Nimeutazama mpaka macho yakauma. Kila mara unausubiri. Ni wa nani? Usithubutu kuniambia kondoo.

Kama ni hivyo ninavyodhani, basi sikia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza tumetoka makaburini. Sikujua kwamba neno lile umelibeba mpaka leo kama gogo. Nilichoogopa ni nyumba kumsahau Mama. Lakini nimekuona hapa mezani kwangu, unacheza hatua zake moja baada ya nyingine. Basi cheza, Baba. Kiti kazi yake ni kukaliwa.

Bonaria wako


Onnidai, 12 Desemba

Bonaria,

Barua zetu zimepishana njiani. Mimi nilikuwa nangoja matusi. Nimesoma yako nimesimama. Nikakaa. Nikasoma tena.

Sijui kuandika vitu hivi. Umeelewa.

Kondoo wamerudi. Bobore kanisamehe, lakini baa yote imeshajua. Nikiingia wananipigia "meee". Hata yule anayetengeneza kahawa. Hata padri, juzi, mlangoni pa kanisa, aligeuka akafanya kama anakohoa, lakini nilisikia.

Ndevu za msiba nanyoa asubuhi ya moto. Tarehe 16 Januari njoo. Utaingia kwenye duara upande wangu wa kushoto. Kulia ni Paschedda, yeye ameshazoea kukanyagwa.

Baba yako,
Bachis


Hanova, 4 Januari

Baba,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Siyo kubwa.

Nimevunjika kifundo cha mguu. Barafu, baiskeli, na mimi nilikuwa naimba. Wamenitia plasta mpaka gotini na daktari kanikataza ndege, meli, ngazi na kila kitu kinachofurahisha. Moto wa mwaka huu nitaukosa. Nimelia, sitakuficha. Halafu nimecheka, maana sasa nyumba yetu ina miguu mizito miwili.

Jana Dakta Hilke kaja na supu. Mbaya sana, nimeimaliza. Kaniambia vyombo vya mlimani vinahitaji kupimwa kwa kishindo kinachojulikana, siku na saa zikijulikana. Kwa kawaida wanapeleka mtu na nyundo. Lakini anauliza, kwa heshima zote, kama kijiji kinaweza mwaka huu kuwasha moto wa Mtakatifu Antoni kwenye uwanja wa mgodi badala ya kanisani, na kucheza pale juu ya handaki. Saa kumi jioni, kabla giza halijaingia.

Mimi nitakuwa kitandani, mstari mbele yangu. Nitawaona, Baba. Mtakuwa uzi tu, lakini nitawaona.

Bonaria wako


Sa Serra, 11 Januari

Bonaria,

Mimi ni Paschedda. Hatujaandikiana, lakini nasikia umeshautazama mguu wangu sana, kwa hiyo sisi si wageni.

Kijiji kimekubali. Wazee wawili walinung'unika kwamba moto haujawahi kutoka kanisani. Padri kasema Mtakatifu Antoni alikaa jangwani miaka yake yote, uwanja wa mgodi hautamshinda. Bobore anakuja na kondoo wote wamefungwa kengele, anasema safari hii wamealikwa. Nimewaambia wakae mbali na masikio yenu.

Kuna jambo nataka ulisikie kwangu, siyo kwa baba yako, maana yeye atalisema kwa maneno matatu. Nilipokwenda kuangalia nyumba, akanionyesha kiti cha mama yako dirishani. Akasema, "Mtoto ameruhusu." Akakipangusa. Sikukaa. Jana nimebeba kiti changu kutoka kwangu, kile cha mama yangu, Bobore akakipandisha juu ya punda. Nimekiweka kando ya kile. Vinatazama barabara vyote viwili. Annica na mimi tulikuwa tukioka pamoja siku za harusi, alikuwa anapenda kuona nani anapita. Na mimi hivyohivyo.

Nakutumia mkate wenye umbo la ndege. Ukitaka, ule. Ukitaka, lala nao.

Paschedda


Hanova, 17 Januari

Baba, Paschedda, wote wawili,

Sijalala vizuri kwa furaha na nina njaa na ndege nimeshamla kichwa.

Ilikuwa hivi. Kabla ya saa kumi mstari ulikuwa umelala kabisa, hata bahari ilijistahi. Nikaanza kuogopa. Mvua? Ugomvi? Padri amegoma? Halafu kimoja kizito. Viwili vyepesi. Kimya.

Mlikuwa wawili peke yenu mwanzoni, siyo? Waliwaachia uwanja. Niliona, mguu wako, Baba, na ule unaousubiri. Lakini jana haukuusubiri hata mara moja. Mlikwenda pamoja.

Kisha wengine wakaingia na mstari ukanenepa. Ukanenepa tena. Kijiji kizima kilikuwa juu ya mlima, vishindo juu ya vishindo, mtu mwingine angeona fujo tupu. Mimi nilikupata chini ya fujo yote. Nikaanza kugonga plasta kwenye ubao wa kitanda, kimoja kizito, viwili vyepesi. Jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. Nikagonga. Akagonga. Mwishowe tukawa pamoja, sijui kama alijua anacheza dansi la Onnidai.

Dakta Hilke alikuwa anatazama ofisini. Kanipigia simu, mlima unabaki kwenye mashindano, vyombo vinabaki mlimani. Kasema pia anataka kufundishwa hatua, lakini nisimwambie mtu. Nimewaambia ninyi tu.

Kuna swali moja la kikazi limebaki. Mwishoni kabisa, dansi limesimama, mstari umeshatulia, kikatokea kishindo kimoja peke yake. Kikubwa kuliko vyote vya siku nzima, na kimeelemea upande. Hilke hawezi kuifunga ripoti bila kukijua. Je, ni gogo la moto lilianguka?

Nawabusu. Na plasta inawabusu.

Bonaria wenu


Onnidai, 25 Januari

Bonaria,

Salamu. Nyingi. Paschedda kasema niziandike.

Mstari uliotutumia tumeutundika juu ya viti. Paschedda anaonyesha kila anayeingia mahali nilipomkanyaga. Anasema ni pawili. Mimi nasema ni mahali pamoja tu. Bobore anatafuta kondoo wake kwenye mstari, hajawaona, kanuna.

Kidevu kina baridi. Sijazoea.

Kuhusu kishindo. Si gogo.

Dansi lilipokwisha watu walisimama wakitutazama, wakingoja neno la mwanamke, kama desturi. Paschedda akanishika kidevu, hiki kisicho na ndevu, akawageukia wote akasema kwa sauti, "Huyu namchukua." Basi. Nikaruka. Juu kabisa, kama kijana. Mguu nikawa nimeusahau, wenyewe haukunisahau. Nikatua upande wote mmoja, chini, mzima mzima. Padri akakimbia. Bobore akasema meee. Paschedda alicheka mpaka akashika bega la mtu.

Sikuumia.

Mwambie Dakta Hilke aandike hivi: kaa limelipuka. Vibaya, upande mmoja. Ndiyo maana mmelisikia mpaka huko.

Baba yako,
Bachis